Mkishamaliza kuwasilisha wazo la gemu lenu, fanyeni hivi

Hongereni kwanza, ila msitawanyike. Siku ileile mkae pahala, hata Forodhani, kila mmoja aandike peke yake kwenye simu maswali yote aliyoyasikia kwa walimu, kabla hamjaanza kubishana, maana mkianza kuongea tu itabaki kumbukumbu ya mwenye sauti kubwa.

Halafu yasomeni pamoja. Kama zaidi ya mtu mmoja kauliza "sasa mchezaji anafanya nini hasa?" basi shida si slaidi. Tuseme gemu lenu ni la bao, mmeeleza historia na mmeweka picha nzuri za Mji Mkongwe lakini hamkuonyesha kidole kikichukua kete na kusambaza shimo hadi shimo, na hicho ndo kilitakiwa kije mwanzo kabisa, wallahi sekunde chache za hivo zinatosha kuliko slaidi zote.

Mkimaliza hapo angalieni ukubwa wa kazi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, kuna namua (hatua ya kwanza, ya kuingiza kete za akiba) kuna mtaji (hatua ya pili, kete zote zikishaingia), sheria zake peke yake ni kazi nzito, sasa mkiahidi na kucheza mtandaoni na kompyuta ijichezee, kwa muhula mmoja? Punguzeni bila huruma. Watu wawili simu moja, mtengeneze kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu, maana ni ya bure, basi.

Woga wa kuongea msiupe muda mwingi, mazoezi yatauondoa.

Mwisho gawaneni kazi kwa majina na mkubaliane siku ya kumuonyesha mwalimu toleo jipya.