Jinsi ya kutumia "put off" bila kujikwaa

Ukijumlisha "put" na "off" kama maneno mawili yanayojitegemea, hupati kitu. Yachukue kama kitenzi kimoja.

Hatua ya 1: Anza na kuahirisha. "They put off the meeting until Monday": waliahirisha kikao hadi Jumatatu. Kikao bado kipo, kimesogezwa tu. Kikifutwa kabisa, sema "call off". Ukimwandikia mtu "put off" kumbe kikao kimefutwa, atakaa akisubiri tarehe mpya.

Hatua ya 2: Jua yambwa, yaani kile kinachotendwa, inakaa wapi. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Yambwa ikiwa nomino, una uhuru: "put off the meeting" au "put the meeting off". Ikiwa ni kiwakilishi, yaani "it", "them" na wenzake, lazima ikae katikati: "put it off". "Put off it" si sahihi, hata kama utaeleweka. Kumbuka tunavyosema "nimekiahirisha": hiyo "ki" imejibana ndani ya kitenzi, na "it" nayo hujibana vivyo hivyo. Yambwa ikiwa ndefu, kama "the meeting we planned with the new manager", usiitenganishe "off" na "put". Msomaji atachoka kuingoja.

Hatua ya 3: Kitenzi kinachofuata kiishie na -ing. "I keep putting off calling the dentist." Kiswahili chetu, "kuahirisha kupiga simu", hutuvuta kuandika "to call". Kataa.

Hatua ya 4: Wakati uliopita. Put, put, put. Basi. Ila "he puts it off" ni kawaida yake, na "he put it off" imeshapita. Herufi moja tu.

Hatua ya 5: Mtazame mtu. Yambwa ikiwa mtu, maana mara nyingi huhama. "The smell put me off": harufu ilinikata hamu. Kitu chenye tabia hiyo huitwa "off-putting", maneno yamegeuzwa. Lakini "he keeps putting me off" huweza kuwa ananipiga danadana: kila nikimfuata, kesho. Muktadha ndio utakaoamua.

Sasa chukua kazi zako tatu unazozikwepa. Kila moja iandikie sentensi mbili, ya kwanza kwa nomino, ya pili kwa "it" au "them". Zisome kwa sauti, na kwenye "put it off" mkazo uangukie "off".