Simu Ikisema Muhogo Mzima, Bado Kata Mzizi

Wakulima wengi wa muhogo Muheza, Mkinga na Pangani, mkoani Tanga, siku hizi wanatafuta vijiti vya mbegu shambani wakiwa na simu janja mkononi. Ni jambo jema. Programu ya PlantVillage Nuru inatumia akili mnemba kutambua magonjwa ya batobato na michirizi kahawia, pamoja na madhara ya wadudu wadogo waitwao utitiri wa kijani, kwa kutazama jani, tena hata pasipo na mtandao. Kwa kazi hiyo, iamini kuliko jicho lako. Na langu pia: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, simu ilipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Sisi wa ugani inatuuma kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Usipige jani moja ukaondoka. Majani sita ya shina moja yalipopimwa, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Batobato itafute kwenye majani machanga ya juu, yaliyojikunja na kuwa na mabaka yaliyopauka. Michirizi kahawia huonekana zaidi kwenye majani yaliyokomaa, ya chini, umanjano ukifuata mishipa.

Tatizo ni kwamba simu haioni chini ya udongo. Michirizi kahawia, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa kwetu Amani, Muheza, mwaka 1936, ni mjanja: majani yanaweza kuwa safi huku mizizi imejaa madoa makavu yasiyolika. Kiangazi ndiyo balaa zaidi, maana majani ya chini yameshapukutika na simu imebaki kutazama machanga ambayo hayana la kuonyesha. Hapo shika kisu. Ng'oa mashina machache sehemu mbalimbali za shamba, kata kila mzizi vipande kuanzia shingoni hadi nchani, kama unayeandaa futari. Ukikuta doa gumu la kahawia, usichukue mbegu shamba hilo, hata simu iwe imelisifu vipi.

Kuna na historia ya mbegu, ambayo picha haina. Inzi weupe hueneza virusi jirani kwa jirani, lakini kutoka kijiji hadi kijiji wabebaji ni sisi na mizigo yetu ya vijiti. Ukijua mbegu imetoka kwa mtu ambaye muhogo wake uliozea ardhini mwaka jana, umeshapata jibu.

Programu za kuuliza kwa maandishi nazo zina lao: hujibu kwa kujiamini hata zinapokosea. Batobato na michirizi ni virusi, na hakuna dawa ya kupulizia inayoviponya. Ukiandikiwa dawa, fedha yako ibaki mfukoni. Kwa viwavijeshi kwenye mahindi, ambako dawa ipo, kipimo kisome kwenye lebo ya chupa, na hakikisha dawa yenyewe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania.

Uamuzi wa kung'oa shamba zima usiiachie simu. Mwite afisa ugani, mkate mizizi pamoja, mwangalie na umri wa muhogo. Kama umeshakomaa na madoa ndiyo yanaanza, vuna mapema, ondoa sehemu zilizoharibika, zilizobaki anika makopa. Vijiti vyake choma vyote, na jirani akiomba mbegu, mwambie kwa nini humpi.