Kipima kina kikianza kuruka namba, usikimbilie kununua kipya

Kabla hujafungua hata skrubu moja, tafuta bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina. Risasi ya kilo moja inatosha, na kamba isiyovutika yenye fundo kila mita. Chonga kijishimo kwenye kitako cha risasi ukijaze grisi, ili ikupandishie mchanga au tope ujue umesimama juu ya nini. Navusha watu na mizigo kati ya Nyamisati, bara, na Kilindoni, kisiwani Mafia, kwa boti ya faiba, na naona nahodha wenzangu wengi wakitupa hela kwenye kioo kipya, ile skrini ya kipima, wakati kioo ndicho kinachoharibika kwa nadra. Ubovu hukaa kwenye waya, kwenye transdusa, yaani kile kichwa kilichozama majini kinachotuma sauti na kupokea mwangwi wake, au kwenye maji yanayopita chini yake.

Tia nanga penye mchanga, kina cha mita tatu hadi tano, mashine imezimwa. Shusha bildi karibu na kichwa, soma kamba, kisha soma kioo. Kichwa hupima kuanzia pale kilipofungwa, si kutoka usoni mwa maji. Kikiwa sentimita 30 chini ya maji, kioo kitapunguza hizo 30 kila mahali, na huo si ubovu, unarekebishwa kwenye menyu. Bildi ikisema 2 na kioo 4, mwangwi umegonga chini, ukapanda, ukashuka tena, na kioo kimehesabu safari ya pili. Hutokea sana kwenye kina kifupi chenye mwamba au mchanga mgumu. Punguza usikivu wa kioo, na masafa ya kina uyaweke mwenyewe badala ya kukiachia kichague.

Wala usilinganishe namba ya asubuhi na ya mchana. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na kipima kikionyesha tofauti hiyo kimesema kweli.

Sasa jaribio linalomaliza ubishi. Washa mashine ukiwa bado kwenye nanga, gia usiitie. Namba zikianza kuruka hapo hapo, shughulika na umeme. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, lakini weka mita kwenye waya unaoingia kwenye kioo, sio kwenye betri, huku mwenzako akipiga stata. Umeme ukianguka chini ya 10, vioo vingi huzimika na kuwaka upya. Fungua plagi utazame pini. Ukiona kutu ya kijani, isugue kwa mswaki mkavu, kaza, kisha paka mafuta ya mgando kidogo. Kipima kipewe waya wake na fyuzi yake kutoka kwenye betri. Waya wa kichwa usiufunge pamoja na waya za mashine wala redio, na ukiwa mrefu usiukate.

Kama kipima kimetulia mashine ikiunguruma, kisha namba zikapotea boti inapochapa mwendo, adui ni hewa. Sauti hukimbia majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 15 inakwenda na kurudi kwa sekunde 0.02 tu. Lakini ikikutana na povu haipiti. Mpe mwenzako usukani, ushike ukingo vizuri, uchungulie tezi, nyuma ya boti, wakati boti inakwenda. Maji yanayoteleza juu ya kichwa yawe safi, unaona hadi rangi ya faiba. Yakiwa meupe, kichwa kiko mahali pabaya. Kihamishe upande ambao panga la mashine, yaani propela, linashuka likizunguka. Mashine nyingi za nje huzunguka mkono wa saa ukizitazama kwa nyuma, basi ni upande wa kulia. Kikae mbali na panga, walau sentimita 40, na kisiwe nyuma ya mfuo wowote wa mwili wa boti. Uso wake uzidi kidogo chini ya kitako cha boti. Shusha milimita chache, jaribu, shusha tena.

Ukiwa hapo, kitazame kama kimeota magamba. Kwangua kwa kijiti, osha kwa sabuni ya vyombo, malizia na msasa laini uliolowa. Petroli na tina hula plastiki yake, usiviguse. Rangi ya mkuku yenye shaba pia huzuia sauti.

Huku kwetu kuna jambo jingine: tope la mto Rufiji. Ni laini kiasi kwamba sauti ya masafa ya kilohezi 50 hupenya na kukupa kina cha tabaka gumu lililo chini yake. Kwenye vijito tumia 200. Nyasi bahari nazo hudanganya kinyume, kioo kikadhani ncha za majani ndiyo chini.

Yote yakishindikana, azima kichwa cha jirani cha aina ileile, ukichomeke kwenye kioo chako na kukining'iniza majini. Namba zikitulia, cha kwako kimekufa. Kimezibwa kiwandani, hakitengenezwi. Nunua chenye plagi na kilohezi zilezile. Mpaka kifike, weka mtu omoni, mbele ya boti, mwenye pondo, na uingie Nyamisati maji yakiwa yanajaa, ili ukikwama yakuinue.