Somo: Kupanga safari ya Montréal mkiwa na mzee, mtoto au mtu wa kiti mwendo

Swali la namna ya kupanga safari ya Montréal, jiji la jimbo la Québec nchini Kanada, linarudi kila mara, kwa hiyo nimeweka majibu yote hapa. Someni mpaka mwisho, ndipo muulize.

1. Viza. Mtanzania na Mkenya wanahitaji viza ya mgeni: dola 100 za Kanada, pamoja na 85 za alama za vidole na picha. Alama hudumu miaka 10. Aliyewahi kutoa aangalie kwanza kabla ya kulipa tena.

2. Bima ya matibabu. Ikate kabla ya kuondoka. Mwenye sukari au presha asome kipengele cha magonjwa ya awali, maana hapo ndipo madai mengi hukataliwa.

3. Lugha. Lugha rasmi ya Québec ni Kifaransa, ila katikati ya jiji wengi wanaongea Kiingereza pia. Sema "Bonjour" kwanza, kisha uliza kwa lugha unayoiweza. Kila mmoja kwenye kundi ajue kusoma "sortie" (pa kutokea) na "ascenseur" (lifti), kwa kuwa vibao vingi ni vya Kifaransa peke yake.

4. Malazi. Msiharakishe hapa. Nyumba nyingi za mtaa wa Plateau-Mont-Royal zina ngazi za chuma nje, nyembamba na za kujipinda, na wakati wa baridi zinashika barafu. Picha za tangazo zitakuonyesha kitanda na jiko, ngazi hutaziona. Usiulize "ni ghorofa ya ngapi?", kwa sababu kule namba 1 mara nyingi ndiyo ya chini kabisa, na hata hiyo inaweza kuwa na vidato vitano mlangoni. Mwandikie mwenye nyumba hivi: nitumie picha ya mlango kutokea barabarani, vidato vingapi mpaka kitandani, mlango wa choo una upana wa sentimita ngapi (kiti mwendo kinataka kama 80), nani anaondoa theluji asubuhi. Asiyejibu yote manne, mwache.

ONYO: tangazo la nyumba ya kupanga kwa siku lazima lionyeshe namba ya usajili ya CITQ (shirika linalosajili malazi ya wageni Québec). Tarehe 16 Machi 2023 jengo la Place d'Youville, katika mji mkongwe wa Vieux-Montréal, liliungua na watu 7 wakafa. Humo mlikuwa na vyumba vya kupangisha kwa siku katika eneo ambalo biashara hiyo ilikatazwa. Sheria ikabanwa baada ya hapo. Chumba kisicho na dirisha, usikichukue hata kwa bei ya bure. Mkifika, kabla ya kufungua mabegi, tafuteni kengele ya moshi na njia ya pili ya kutokea.

5. Kutoka uwanja wa ndege. Pandeni basi namba 747, lipo usiku na mchana, na tiketi yake inatumika saa 24 kwenye mabasi na metro. Nunueni kwenye mashine, kwani sanduku la ndani ya basi halipokei noti. Watoto hadi miaka 11 hawalipi wakiwa na mkubwa wao.

6. Metro. Ina vituo 68, na si vyote vyenye lifti. Asubuhi angalieni tovuti ya STM (shirika la mabasi na metro) kama lifti zenu zinafanya kazi, za kupandia na za kushukia. Basi lina rampu, ndilo la akiba.

7. Hela. Bei ya rafuni haina kodi, ongezeni 14.975%. Mgahawani bakshishi ni kuanzia 15%: jumla ya kodi kwenye risiti inakupa karibu kiasi hicho.

8. Dharura ni 911. Kumuuliza muuguzi ushauri ni 811.

MASWALI

Chaz_Mwanza: Mkuu, mtu ananipa nyumba nusu bei, hana hiyo namba, anataka nimtumie hela moja kwa moja. Nitume?

Mwandishi: Hapana. Rudia hatua ya 4.

Chaz_Mwanza: Lakini picha ni nzuri mkuu.

Mwandishi: Picha hazikuokoi na moto wala na tapeli. Hapana.

Mama Salma: Asante sana, mwalimu. Mimi na binti yangu tunavaa hijabu, na nimesikia habari za Sheria 21. Tutasumbuliwa?

Mwandishi: Karibu, mama. Sheria hiyo ya 2019 inawakataza baadhi ya watumishi wa umma, kama walimu, polisi na waendesha mashtaka, kuvaa alama za dini kazini. Mgeni haimgusi, uso tu ndio unaweza kutakiwa uonekane pale wanapohakiki kitambulisho. Chakula halali kipo tele mtaa wa Petit Maghreb, barabara ya Jean-Talon, kati ya barabara za Saint-Michel na Pie-IX. Na usiku, mwanamke aliye peke yake kwenye basi anaweza kumwomba dereva amshushe kati ya vituo viwili, karibu na anakokwenda.

Bahati_Bukavu: Kundi letu lina wapenzi wawili wa kiume. Wataweza kuchukua chumba kimoja bila maneno?

Mwandishi: Ndiyo. Québec ilikataza ubaguzi wa aina hiyo mwaka 1977, na hoteli haiwezi kuwakatalia. Wakitaka mtaa wao, upo Le Village, shukeni metro Beaudry.

Fundi Otieno: Nyongeza: umeme wa kule ni volti 120. Mwenye kiti mwendo cha umeme asome chaja yake. Kama haijaandikwa 100–240V, kubadilisha plagi peke yake hakusaidii.

Mwandishi: Shukrani, fundi. Na shirika la ndege liambiwe aina ya betri saa 48 kabla, si pale kaunta.