Kutoka raga hadi fulubeki wa mpira wa Marekani

Jina lisikudanganye. Fulubeki wa raga ni namba 15, mlinzi wa nyuma anayedaka mipira ya juu. Fulubeki wa Marekani husimama yadi chache nyuma ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, na kazi yake kubwa ni kumtangulia mkimbiaji na kumwondoa mlinzi njiani. Anayefaa zaidi ni fowadi wa safu ya tatu, yaani namba 6, 7 au 8: mzito, mwepesi wa hatua za kwanza.

Kinachowasumbua watu wa raga ni mikono. Kwenye raga humzuii asiye na mpira, na ukimwangusha mwenye mpira lazima umkumbatie. Kwenye mpira wa Marekani unamsukuma asiye na mpira, na ukimkumbatia au kumvuta jezi, timu inarudishwa yadi 10.

Zoezi la kuzuia fanyeni wawili ufukweni Pirates, Mombasa, maji yakipwa, pale mchanga ulipolowa na kushikana. Mchanga mkavu unakula hatua. Saa za kupwa husogea kama dakika 50 kila siku, basi tazama jedwali la maji kwanza. Mwenzio ashike mto wa mazoezi mita 6 mbele. Kunja magoti, nyoosha mgongo. Hatua ya kwanza iwe fupi. Ukiipanua kifua kinainuka, nawe utasukumwa kutoka chini. Mkimbiaji akipita nje, lenga bega la nje. Akipita ndani, la ndani. Viganja vitue kifuani mwa mlinzi, viwiko vibaki karibu na mbavu, na miguu isonge hatua tano au sita zaidi baada ya kugonga. Wengi husimama hapo wakasukuma kwa mikono tu, mlinzi akawazunguka. Mara 6 kila upande, siku 2 kwa wiki.

Kichwa kibaki juu. Ukikiinamisha, kishindo chote kinaingia kwenye uti wa shingo. Ukijiona unainama kwa uchovu, acha siku hiyo.

Ajira ni chache mno. Katika kikosi cha wachezaji 53, timu ya NFL, ligi kuu ya Marekani, mara nyingi hubeba fulubeki mmoja, nyingine hazina kabisa. Ndiyo maana udake pasi fupi za pembeni, na ujue kazi ya kukimbiza mikwaju, yaani kumfuata anayedaka mpira uliopigwa teke, kazi ambayo huwalinda wengi wasiachwe. Kyle Juszczyk wa San Francisco 49ers huzuia, hudaka na hubeba mpira. Jakob Johnson, Mjerumani, aliingia New England Patriots 2019 kupitia mpango wa NFL wa wachezaji wa kimataifa. Mkenya Daniel Adongo alitoka raga akasajiliwa na Indianapolis Colts 2013, ingawa kama mlinzi.

Ukijirekodi, weka simu ubavuni, usawa wa kiuno: hapo ndipo hatua ya kwanza na urefu wa kifua huonekana vizuri.