Kutoka Xfce 4.16 hadi 4.18 kwenye laptopu ya zamani ya Debian

Somo hili ni la laptopu ya mtumba, tuseme Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2 au 4, inayotumia Debian 11 (mfumo wa Linux) na Xfce 4.16 (deskitopu yake nyepesi). Tunaipeleka Debian 12, ambako Xfce ni 4.18. Utakachokiona haraka ni Thunar, programu ya kusimamia faili: inatendua ulichokosea kwa Ctrl+Z, inatafuta faili hadi ndani ya folda za chini, na F3 hugawa dirisha mara mbili.

Xfce haipandishwi peke yake. Kuna mafundi wanaochukua pakeji chache za 12 na kuzibandika juu ya 11. Pakeji hizo huburuta libc6 mpya (maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu huitegemea), na ikishaingia, mfumo wako si 11 tena wala si 12. Hamisha mfumo mzima, deskitopu itafuata.

Pima kwanza

cat /etc/debian_version
xfce4-panel -V
uname -m
df -h / /boot

Acha angalau GB 5 wazi kwenye /. Faili zinazopakuliwa hukaa /var/cache/apt/archives huku zikisakinishwa, kwa hiyo zinakula nafasi mara mbili. Kama /boot imetengwa na imebanwa, ondoa kerneli (viini vya mfumo) za zamani kwa sudo apt autoremove. Halafu tunza mipangilio, uinakili kwenye flashi pamoja na nyaraka zako:

tar -czf ~/xfce-zamani.tar.gz ~/.config/xfce4

Badilisha vyanzo

Maliza masasisho yote ya 11 (sudo apt update, kisha sudo apt full-upgrade). Fungua sudo nano /etc/apt/sources.list, na kila penye bullseye (jina la 11) andika bookworm (jina la 12), hata kwenye bullseye-security na bullseye-updates. Mistari ya backports (pakeji mpya zilizoandaliwa kwa toleo la zamani) iwekee # mbele. Vyanzo vya watu wengine vilivyo /etc/apt/sources.list.d vizime pia. Ndivyo vinavyovuruga kazi hii kuliko kitu kingine chochote.

Mstari mkuu uwe hivi:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware

Neno la mwisho hapo usilisahau. Tangu Debian 12, faili kama firmware-iwlwifi za Wi-Fi ya Intel zimehamishiwa huko. Ukiliacha, apt haitakuzuia; itakubakizia tu toleo la zamani.

Pakua leo, sakinisha stima ikiwa imetulia

Bando na stima ndivyo vinavyotusumbua huku, basi tenganisha kazi hizo mbili:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade --download-only

Kabla ya kubonyeza Y, soma orodha ya pakeji zitakazoondolewa. Ukiona xfce4-session (Xfce yenyewe) au lightdm (skrini ya kuingia) humo, simama. Angalia apt-mark showhold: pakeji iliyofungwa yaweza kuwa ndiyo chanzo, na sudo apt-mark unhold huifungua. Bando likiisha katikati, rudia amri ileile baadaye. Vilivyokwisha kushuka havipakuliwi tena.

Siku ya kusakinisha, chomeka chaja hata kama betri imejaa. Betri za mtumba husema asilimia 60, dakika kumi baadaye zimezima. Bonyeza Ctrl+Alt+F3 ufike konsoli ya maandishi, ingia kwa jina na nenosiri, kisha:

sudo systemctl stop lightdm
sudo apt upgrade --without-new-pkgs
sudo apt full-upgrade

Usifanye haya ndani ya terminali ya Xfce. Deskitopu ikianguka katikati huanguka na terminali yake, na dpkg, kisakinishi cha pakeji, inakatika kazi ikiwa nusu. Wi-Fi ikikatika baada ya kuzima lightdm si neno, kila kitu kimeshapakuliwa. Ukiulizwa kuhusu faili ya mipangilio uliyowahi kuibadilisha, jibu N ubaki na yako. GRUB (programu inayowasha mfumo) ikiuliza diski, chagua /dev/sda, si /dev/sda1.

Washa upya. Ukiridhika, sudo apt autoremove na sudo apt clean.

Maswali

*Kisumu: Nimefika 4.18 lakini paneli imepotea, nabaki na picha ya nyuma tu.*
Huenda ni kiongezo cha paneli cha zamani kisichopatana na toleo jipya. Alt+F2, fungua xfce4-terminal, kisha:

xfce4-panel --quit
pkill xfconfd
rm ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/xfce4-panel.xml
xfce4-panel &

Utapata paneli ya mwanzo. Usirudishe ile tar yote, utarudisha na ugonjwa.

*Kakamega: Stima ilipotea katikati na betri yangu ilishakufa. Nianze upya?*
Hapana. Ingia kwenye konsoli, sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install, kisha sudo apt full-upgrade. Ikikwama kwenye pakeji moja, nakili mistari kumi ya mwisho uilete hapa, si neno «imekataa» peke yake.

*Nakuru: Naandika nenosiri, skrini inafumba, inanirudisha palepale pa kuingia.*
Ctrl+Alt+F3, halafu df -h. Diski ikiwa 100%, sudo apt clean. Kama nafasi ipo, tazama ls -l ~/.Xauthority, ikiwa mali ya root, ifute kwa sudo rm.

*Kisumu tena: Paneli imerudi, asante. Ila madirisha yanaburuta.*
Zima vivuli na uwazi:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false

*Bungoma: uname -m inasema i686. Naweza kuruka moja kwa moja hadi 13?*
Debian hairuki toleo. Ni 11, 12, ndipo 13. Na kwako 12 ndio mwisho, maana i686 ni mfumo wa biti 32, na 13 haina kerneli wala kisakinishi cha biti 32. Endesha lscpu uone mstari wa op-mode. Ukitaja 64-bit, prosesa inaweza na utasakinisha mfumo wa biti 64 upya. Core 2 Duo zote zinaweza. Core Duo isiyo na 2, haiwezi.