Ukiulizwa "Habari?" Usijibu "Nzuri"

Kwa miaka miwili nilimdanganya daktari wangu bila kukusudia. Naingia, ananiuliza, "Habari za tangu siku ile, mama?" Mdomo unajibu wenyewe: "Nzuri, daktari, namshukuru Mungu." "Na tumbo?" "Afadhali." Anaandika, ananipa dawa zilezile na tarehe ya kurudi. Asubuhi ya siku hiyohiyo nimeshakwenda chooni mara sita kabla ya saa tatu, na mkobani nina chupi ya akiba niliyoizungushia kipande cha bitana.

Nina kolitisi ya vidonda, ugonjwa wa utumbo mpana unaoanzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda juu. Ugonjwa wa Crohn ni ndugu yake, ila wenyewe unaweza kukushika popote kuanzia mdomoni. Kwa vyovyote, kamera ya kuchungulia utumbo na vipimo vya damu humwonyesha daktari uvimbe. Havimwonyeshi kwamba umeacha kupanda basi. Hilo halijui mpaka umwambie.

Mimi ni fundi cherehani. Mteja akiniambia "nishonee ya wastani", namtolea futi kamba. Basi nikachukua daftari la vipimo lililobaki nusu, nikaanza kulipima tumbo.

Anza wiki 2 kabla ya miadi. Kuna dodoso maarufu la kupima maisha ya wagonjwa wenzetu, lililotoka Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1989, nalo linauliza juu ya wiki 2 zilizopita. Lina maswali 32, kila moja alama 1 hadi 7, na jumla kubwa ndiyo nzuri. Sikulijaza, niliazima tu vichwa vyake vinne: tumbo, mwili, hisia, na maisha na watu.

Tumbo liandike kwa tarakimu. Mstari wangu mmoja ulikuwa hivi: "Jumanne. Choo 7, cha usiku 2. Damu mara 5. Nilibanwa, sikuweza kusubiri dakika 2. Mara 3 nilikaa kikatoka ute tu." Cha usiku usikisahau, maana choo kinachokutoa usingizini kinamwambia daktari kwamba huenda uvimbe umeamka. Na zile safari za ute tu zihesabu pembeni. Mimi nilikuwa naziruka kwa kuona "si choo", kumbe ndizo zilizokuwa zinanimalizia siku.

Kwenye mwili, usiandike "nimechoka". Nani hajachoka? Andika kazi iliyokushinda. Mimi niliandika: "Nimekata gauni moja. Saa tano asubuhi nimelala sakafuni juu ya mabaki ya vitambaa." Kwa mstari huo tu nikapimwa damu, ikaonekana nina upungufu wa damu na madini ya chuma yameshuka, kwa sababu ya kuvuja kidogo kidogo kila siku. Mwenye Crohn ya mwisho wa utumbo mwembamba aulizie na vitamini B12.

Hisia, sentensi moja kwa siku inatosha.

Watu ndio ukurasa niliouogopa. Juu yake niliandika "Niliyoyaacha". Wifi alikuwa amenipigia: "Wifi, mbona unatukimbia? Tumekukosea nini?" Nikamwambia kazi zimenizidi. Daftarini nikaandika ukweli: "Sikwenda kwa wifi. Choo chao kimepakana na sebule, mlango haufungi." Daktari alipofika hapo aliweka kalamu chini, akaniuliza ni mara ngapi mwezi ule nimekataa mialiko. Mara nne. Hakuwahi kuniuliza hivyo, nami sikuwahi kumpa sababu ya kuuliza. La tendo la ndoa lilinishinda kutamka. Nililiandika, nikamgeuzia daftari alisome mwenyewe.

Halafu dawa: andika ulizokunywa kweli, siyo ulizoandikiwa. Mimi nilikuwa naruka ile ya kuingiza nyuma, kwa sababu nyumba imejaa watu na inakutaka ulale kwa utulivu baada ya kuitumia. Nilikuwa pia nameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo wa kuinamia cherehani. Dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kuuamsha ugonjwa. Kwa wengi wetu parasetamoli ndiyo salama zaidi, lakini muulize daktari wako. Na kama uko kwenye predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, usiikatize ghafla hata ukijisikia umepona. Hupunguzwa polepole kwa maelekezo.

Usiku wa kuamkia miadi, finyanga wiki 2 hizo ziwe mistari mitatu. Yangu: "Choo 7 kwa siku, damu karibu kila mara. Silali usiku mzima. Nimekataa kwenda kwa watu mara 4." Iseme kabla hujaketi vizuri, salamu zije baadaye. Si utovu wa adabu. Dakika zenyewe ni chache.

Daftari lisikufanye ungoje miadi. Choo chenye damu kikifika mara 6 au zaidi kwa siku, na una homa au moyo unakwenda mbio, au tumbo limevimba na linauma sana, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dawa zangu zilibadilishwa, nikatulia baada ya miezi kadhaa. Bado naandika ukurasa mmoja kila mwezi, ili siku ugonjwa ukirudi nijue uzima wangu ulikuwa na vipimo gani. Wa juzi: "Ijumaa. Choo 2. Damu hakuna. Nimelala mpaka alfajiri. Nimeshinda kwa wifi. Mlango bado haufungi."